Kwenda Jackson Center na Tela la Zamani

Barabara namba 33, itokayo Columbus kuelekea kaskazini-magharibi ya jimbo la Ohio, si njia ambayo wasafiri huisifu, kwa kuwa haina mlima wa kutazamwa wala bahari ya kusikilizwa, bali mashamba ya mahindi na soya yaliyotandaa hata upeo wa macho, na maghala marefu ya nafaka, na hapa na pale kiwanda, mathalani kile cha Honda karibu na Marysville ambacho hutoa motokaa tangu mwaka 1982. Walakini mimi naisifu. Asubuhi ile ya mwezi wa Juni nilipoishika, mke wangu, Mama Salma, akiwa kando yangu ndani ya pikapu, nyuma yetu tulikuwa tumekokota tela la alumini la futi 22, lililoundwa mwaka 1964, ambalo kwa muda mrefu halikuwa na kazi nyingine uani kwetu ila kubomolewa na kuungwa. Na kila maili iliyopita pasipo kusikika mlio mgeni nyuma yangu ilinizidishia shukrani kwa wote waliolitia mkono.

Tela la namna hii ni nyumba iliyowekwa juu ya magurudumu. Lina vitanda, jiko la gesi, beseni la kuoshea vyombo, kabati za nguo na choo, na mwenye nalo hulivuta kwa motokaa mpaka mahali apendapo kulala. Matela yamejaa Marekani, lakini haya ya Airstream hutambulikana kwa mbali, maana hayana pembe: yameviringwa mbele na nyuma, na mwili wao ni mabamba ya alumini yasiyopakwa rangi, yaliyoungwa kwa maelfu ya ribiti. Mwasisi wa Airstream, Wally Byam, alizaliwa Oregon mwaka 1896, na katika utoto wake alichunga kondoo akilala ndani ya kigari chenye jiko la mafuta ya taa, jambo ambalo yamkini ndilo lililomfunza mapema kwamba mtu aweza kuwa na maskani pasipo kuwa na kiwanja. Alipokuwa mtu mzima, mkewe wa kwanza, Marion, alikataa kwenda kulala chini ya hema mbali na jiko lake. Byam akamjengea kibanda juu ya chesisi ya Ford Model T, na kutoka hapo akaendelea kubuni na kurekebisha hata ikawa biashara. Ama umbo lile la alumini, haki yake apewe Hawley Bowlus, fundi wa ndege aliyesimamia ujenzi wa ile ndege ambayo Charles Lindbergh aliivushia bahari ya Atlantiki mwaka 1927, na ambaye mwaka 1934 alitoa tela lake liitwalo Road Chief lenye ufundi wa ndege tupu. Bowlus alipofilisika, Byam aliuchukua ufundi ule, akauhamisha mlango kutoka mbele ukawa ubavuni, na mwaka 1936 akauza tela la Clipper kwa dola 1,200, bei iliyokuwa kubwa sana katika zama zile za dhiki. Vita ikaja, alumini ikawa ya ndege za vita, kiwanda kikafungwa na Byam mwenyewe akaajiriwa katika viwanda vya ndege. Amani iliporejea akaanza tena, na mwaka 1952 ikafunguliwa karakana katika kijiji cha Jackson Center, Ohio, ambako matela hayo yanaundwa hata leo. Huko ndiko tulikokuwa tukienda.

Letu, ambalo kiwandani liliitwa Safari, tulilipata shambani kusini mwa Columbus, chini ya mti wa jozi, kwa bibi mmoja mjane. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wamelizungusha nchi nzima wakati watoto wao wakiwa wadogo, kisha watoto wakaondoka, mzee akaugua, na tela likabaki pale likiangukiwa na majani na majozi kila msimu wa kupukutika. Alituuzia kwa bei ya huruma, akanikabidhi funguo, na pamoja na funguo akanipa kopo la kahawa lililojaa skrubu, bawaba na vipuri vidogo vidogo, kila kimoja kimefungwa ndani ya karatasi yenye mwandiko wa marehemu: hiki ni cha dirisha la jikoni, hiki ni cha kabati ya juu, hiki usikitupe hata kama hujui ni cha nini. Karatasi zile nimezihifadhi. Sikuonana na mwandishi wake katika uhai wake, na hata hivyo kwa muda wote wa kazi ile yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa kwanza, kwani kila nilipokwama nilifungua kopo, na mara nyingi jawabu lilikuwamo.

Mimi na Mama Salma ni watu wa mwambao wa Tanga, na ingawa tumeishi Ohio miaka mingi na watoto wetu wamezaliwa hapa, mtu aliyehamia nchi ya watu hubakia na hisia kwamba vitu vyote avionavyo vilianza kabla yake na vitaendelea bila yeye: barabara zina historia ambayo haikumshirikisha, nyumba zina majina ya familia nyingine kwenye hati zake za kale, na hata miti mikubwa ilipandwa na mikono asiyoijua. Lakini mtu anapokichukua kitu kilichotelekezwa, akakifungua hata kwenye mifupa, akajifunza kwa nini kila kipande kiliwekwa mahali pake, kisha akakirudishia uhai, hapo hukirithi kwa haki ambayo haihitaji nasaba wala wasia. Hilo ndilo lililonifanya niipende kazi hii kuliko kununua tela jipya, ambalo kwa hakika lingetugharimu usumbufu mdogo zaidi.

Jambo la kwanza lililodhihiri tulipolifikisha uani lilikuwa harufu. Baina ya mabamba ya nje na ya ndani hutiwa sufi ya kioo ya kuzuia joto na baridi, na ndani ya sufi ile panya walikuwa wamezaliana vizazi kwa vizazi. Tukavaa barakoa na glavu, tukazikata ribiti za ndani kwa keekee, tukateremsha mabamba ya ndani moja baada ya jingine na kuyaandika namba, kisha tukaizoa sufi yote na kuitia mifukoni. Yaliyobaki yalikuwa ni mataruma matupu, yamepinda kwa mpangilio kutoka sakafuni upande mmoja mpaka sakafuni upande wa pili, na bamba la nje likionekana kwa ndani, safi, lenye alama za kiwanda zilizokuwa bado zasomeka baada ya miaka yote hiyo. Hapo nilikaa kimya kitambo, maana niliona kazi ya watu waliojua watendalo.

Sharti msomaji afahamu jinsi tela hili linavyoshikamana, kwa kuwa humo ndimo ulimo uzuri wake na udhaifu wake. Chini kuna chesisi ya chuma. Juu ya chesisi kuna sakafu ya plaiwudi. Na juu ya sakafu kuna gamba la alumini, ambalo ukingo wake wa chini umefungwa kwa bolti zinazopenya plaiwudi hata zikashika chuma. Hakuna kimoja katika hivyo vitatu kiwezacho kusimama peke yake. Chesisi ni nyembamba kuliko uonavyo inafaa, kwa sababu gamba huisaidia kubeba. Na gamba ni jepesi kwa sababu chesisi hulishika. Kiungo baina yao ni ile plaiwudi, na plaiwudi haina adui ila maji. Maji yakipenya nyuma, hasa pale bamba la mwisho linapokutana na bampa, huteremka ndani ya ukuta bila kuonekana, hukusanyika kwenye ukingo wa sakafu na kuuozesha taratibu, na ukingo ukishaoza bolti hubaki zimeshika uji wa mbao. Ndipo sehemu ya nyuma ya chesisi huanza kuachana na gamba, na mtu akisimama juu ya bampa huiona ikishuka peke yake ilhali mwili wa tela haushuki pamoja nayo. La kwetu lilikuwa limefikia hali hiyo. Wako wanunuzi wengi ambao huling'arisha tela nje, wakabadili mapazia na magodoro, wakatandika zulia juu ya mbao iliyooza, na kuliuza kwa bei ya juu; na mimi naona kufanya hivyo ni kuwadhulumu watu watakaolala ndani yake na watu watakaokuwa nyuma yake barabarani.

Kwa hiyo tukalinyanyua gamba. Tulilitia vishikizo vya mbao kwa ndani ili lisipoteze umbo, tukafungua bolti zote, na majirani wakaja Jumamosi moja kulipandisha juu ya magogo kwa jeki, upande huu kidogo na upande ule kidogo, mpaka chesisi ikaweza kuvutwa kutoka chini yake. Jirani yetu wa nyumba ya pili ni fundi wa kuchomelea aliyetoka Uvira, mtu ambaye amefanya kazi ya chuma tangu utoto wake kando ya Ziwa Tanganyika. Aliizunguka chesisi, akaigonga kwa nyundo ndogo mahali hapa na pale akisikiliza sauti yake, kisha akaniambia, "Mzee, hii chuma ya nyuma ilishakufa. Tukate yote, tutie ya mupya. Hii ya katikati ingali na nguvu." Alikata mikono yote ya pembeni iliyoliwa na kutu, akachomelea mipya, na baada ya hapo tukaipaka rangi ya kuzuia kutu tabaka juu ya tabaka. Ujira wake alioutaka ulikuwa watoto wake walale ndani ya tela usiku mmoja likimalizika, nao walilala, na hawakulala.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi Pangani, na katika kazi ya kuziba tela nilimkumbuka kila siku. Nilimwona utotoni akishindilia pamba iliyolowa mafuta katika viungo vya mbao kwa patasi butu na nyundo, kalafati juu ya kalafati, kabla ya kuupaka ubavu deheni ya chokaa na shahamu. Naye alikuwa akisema kwamba chombo hakizamishwi na tundu lionekanalo. Katika jahazi hofu ni maji ya chini na katika tela hofu ni maji ya juu, lakini sheria ni ile ile. Kila ungo wa mabamba, kila dirisha, kila taa, kila tundu la skrubu juu ya paa ni mlango. Gundi za zamani zilikuwa zimekauka zikapasuka. Tukazikwangua zote, tukasafisha kwa spiriti, tukatia gundi laini isiyokauka kabisa, kwa kuwa alumini hutanuka juani na kunywea baridini, na gundi ngumu haiwezi kuufuata mwendo huo. Kulipima tulingoja giza. Mimi nilishika mpira wa maji nje, nikaanza chini kabisa na kupanda polepole, na Mama Salma alikuwa ndani na tochi na chaki akitia alama kila palipotokeza unyevu. Mwenye kuanza juu hujidanganya, maana maji huteremka juu ya maungo yote kwa pamoja na hatajua ni ungo upi uliomsaliti.

Hata hivyo kazi niliyoipenda kupita zote ilikuwa ya ribiti. Zipo ribiti za kubana kwa koleo ambazo mtu mmoja aweza kuzitia akiwa upande mmoja tu, na huuzwa kila duka la vifaa. Lakini za asili, ambazo ndizo zilizoshika mabamba ya tela hili, ni vipande vya alumini visivyo na uwazi ndani, vyenye kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili. Ribiti hutiwa tunduni kutoka nje. Mtu wa nje huikandamiza nyundo ya upepo juu ya kichwa chake, na mtu wa ndani hushikilia kipande cha chuma kizito kilicholainishwa uso dhidi ya mkia, na nyundo inapotetema chuma kile cha ndani ndicho kiubonyezacho mkia hata ukapanuka na kuyabana mabamba mawili yakawa kitu kimoja. Mkia uliotimia huwa na upana wa mara moja na nusu ya unene wa ribiti ilivyokuwa kabla. Ukipungua haukushika, ukizidi umedhoofika na huenda ukapasuka. Watu hawa wawili hawaonani, kwa kuwa baina yao lipo bamba, wala hawasikilizani, kwa kuwa kelele za nyundo zimejaa. Tukapatana kwa ishara: Mama Salma akigonga bamba mara moja kwa pete yake, niongeze, mara mbili, imekubali, mara tatu, ing'olewe. Yeye amekuwa mshonaji tangu ujana wake, na mkono uliozoea kuhisi kitambaa kikipita chini ya sindano ulihisi kwa haraka sana iwapo chuma kimekaa sawasawa au kimeinama kwa unywele. Tulianza kwa kugongana mara tatu tatu. Kisha zikawa mbili, na ikawa alasiri nzima yapita na sauti pekee baina yetu ni nyundo, na kimya, na pete mara mbili.

Yaliyosalia nitayapitia upesi. Ekseli ya matela haya haina springi; ndani ya bomba lake kuna mipira iliyobana nondo ya pembe, nayo ndiyo inayomeza mishtuko ya njia, na mpira wa miaka ya sitini umekwisha kuwa jiwe, kwa hiyo tuliagiza ekseli mpya pamoja na breki zake. Nyaya zote tulizitoa. Mabomba ya gesi tuliyakabidhi kwa fundi mwenye leseni, na nawausia wote wenye kazi hii wasiifanye wenyewe. Jiko la asili tulilibakiza, kabati za mbao tukazipiga msasa na kuzipaka vanishi, na sakafu mpya ya plaiwudi tukailinda kingoni mwake kwa dawa ya epoksi kabla ya kulirudisha gamba mahali pake. Ama kung'arisha nje, ambako ndiko watu wengi hukuuliza kwanza, mimi nilikuacha mwisho na sikukuzidisha: juu ya mchanganyiko mgumu wa bamba kuna utando mwembamba wa alumini safi, ambao ndio unaozuia ulikaji, na mwenye kusugua kila mwaka ili auone uso wake humo anaumaliza utando ule kwa pupa yake. Tuliondoa vanishi kuukuu iliyobabuka, tukasugua mara moja kwa dawa na pedi za sufu hata mikono ikawa myeusi, tukasimama hapo. Lina mikwaruzo na mabonyeo kadhaa ya majozi. Yabaki.

Sasa nirudi njiani. Mwenye kukokota tela sharti ajue kwamba sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au kuzidi kidogo, yapasa ielemee kwenye ulimi ule unaoshikwa na motokaa, kwa sababu mzigo ukielemea nyuma tela litaanza kuyumba na kuyumba kwake huongezeka kwenyewe mpaka limtoe dereva barabarani. Tulikuwa tumepima na kupanga vitu vyetu kwa hesabu hiyo, maji mbele, vyombo juu ya ekseli, nyuma vitu vyepesi tu, nalo likatufuata kwa utulivu hata Bellefontaine. Mji huu mdogo una kilima cha Campbell, ambacho kwa futi zake 1,550 ndicho kilele cha juu kupita vyote katika Ohio, na una jambo ambalo kwa mtu wa magurudumu ni la heshima zaidi: hapa ndipo mwaka 1891 George Bartholomew alipoanza kuweka zege barabarani, kwanza katika Marekani, na kipande cha zege la zamani kingalipo kando ya mahakama ya wilaya. Nilishuka nikatembea juu yake. Mabilioni ya watu hupita juu ya kazi ya namna ile bila kujua ilianzia wapi.

Tulilala Indian Lake, ziwa lililotengenezwa karne ya kumi na tisa ili kuulisha maji mfereji wa Miami na Erie, na ambalo leo limebaki kuwa la wavuvi na wenye matela. Usiku mvua ikanyesha, si mvua ya manyunyu bali mvua ya radi ya Juni, na juu ya paa la alumini sauti yake ni kubwa hata watu wawili hawawezi kuzungumza. Nikawasha tochi, nikapita ungo kwa ungo nikipapasa kwa vidole: madirisha makavu, tundu la hewa kavu, nyuma kwenye bampa kukavu. Mama Salma ndiye aliyeliona tone moja, juu ya mlango, likining'inia kwenye ncha ya skrubu ya taa. Kulipokucha nilipanda ngazi, nikaitoa skrubu ile, nikatia gundi na kuirudisha, na furaha niliyokuwa nayo haikuwa ndogo, kwa kuwa katika mvua ile yote maji yalipata mlango mmoja tu, na huo nimeufunga.

Jackson Center ni kijiji cha watu wasiofika hata elfu mbili, barabara mbili zikatizanazo, kanisa, duka, na kisha kiwanda ambacho ukubwa wake haulingani na mahali. Wageni huruhusiwa kuingia na kuongozwa, na nilichokitamani kuona nilikiona mapema: wawili wawili, mmoja ndani na mmoja nje, nyundo na chuma, vile vile kama uani kwetu. Mitambo imezidi, mabamba hukatwa kwa usahihi ambao mtu wa 1964 asingeuota, lakini ribiti bado yataka watu wawili. Mama Salma aliganda mbele ya binti mmoja aliyeshika chuma cha ndani, akamtazama mkono wake muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kando ya kiwanda kuna jumba la kumbukumbu, na humo nilisimama mbele ya habari za msafara wa mwaka 1959. Wally Byam aliwaongoza watu 106 wenye matela 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo, wakapita Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudani, mahali pengine wakifuata njia ambazo hazikustahili jina hilo, hata wakayapanga matela yao ya fedha mbele ya mapiramidi ya Giza. Miezi michache baada yao, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikawa huru. Uganda ikafuata mwaka 1962, mwaka ule ule aliofariki Byam, na Kenya mwaka 1963. Walipita, basi, katika saa za mwisho za dola zile za kikoloni, nami siwezi kuutazama msafara ule kwa macho ya Mmarekani ambaye huona ujasiri wa wasafiri peke yake. Nauona ujasiri wao, na ni wa kweli, maana wengi wao walikuwa wazee waliostaafu. Lakini nawaona pia wale waliosimama kando ya njia, wachungaji, wachuuzi, watoto wa shule, ambao mbele yao zilipita nyumba 41 zing'aazo, na ambao majina yao hayakuandikwa popote. Miongoni mwa watoto wale huenda alikuwamo mtu ambaye mwanawe leo ni fundi wa kuchomelea katika mtaa wetu. Ningependa siku moja picha za msafara ule zipelekwe Kampala na Nairobi na Bukavu, zikaonyeshwe kwa wazee wa huko, wakaulizwe wao waliona nini. Kwani historia ya safari ile ina nusu ambayo wasafiri hawakuweza kuiandika.

Katika uwanja ambao kiwanda kimewawekea wenye matela walale, jioni ile alikuja mzee mmoja mrefu, aliyestaafu kazi kiwandani humo, akitembea polepole kati ya matela kama ilivyo desturi yake. Alilipita tela jipya la karibu nasi bila kugeuka, akaja kwetu, akaamkia kwa adabu, akaomba ruhusa ya kutazama. Hakutazama mng'aro. Alichuchumaa nyuma, pale tulipolitia bamba jipya, akapitisha kidole juu ya mstari wa ribiti kutoka kona hata kona, akaomba kuingia ndani, akafungua kabati ya nyuma ambayo ukuta wake tulikuwa tumeuacha wazi kwa ajili ya ukaguzi, akatia mkono na kuipapasa mikia yake mmoja mmoja. Kisha akauliza, "Nani alikuwa ndani?"

Mama Salma akajibu kwamba ni yeye.

Mzee akampa mkono. Alisema kwamba yeye naye alikuwa mtu wa ndani kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, na kwamba watu wakisifu tela humsifu mtu wa nje, kwa kuwa vichwa vya ribiti ndivyo vionekanavyo, ilhali kinachoshika ni mkia. Tukamkaribisha kahawa ya tangawizi na visheti, akakaa nasi mpaka giza likaingia, akatueleza jinsi walivyokuwa wakichagua chuma cha kila pembe, na jinsi mabega yanavyochoka upande mmoja, na Mama Salma akamwonyesha bega lake mwenyewe, na wote wawili wakazungumza habari hizo kwa undani ambao mimi, mtu wa nje, nilikuwa msikilizaji tu. Kabla ya kuondoka alitoa mfukoni kipande kidogo cha chuma, kimelainika kwa miaka ya kushikwa, akakiweka mezani mbele yake, akamwambia kinafaa kwa pembe za karibu na madirisha.

Siku iliyofuata tulikwenda Wapakoneta, ambako si mbali, mji wa kwao Neil Armstrong, ambao una jumba lake la kumbukumbu lililofunguliwa tarehe 20 Julai 1972, mwaka wa tatu kamili tangu aukanyage mwezi. Uhusiano wa mwezi na matela wengi hawaujui: Armstrong na wenzake wawili walipoopolewa baharini Julai 1969, kwa hofu ya vijidudu visivyojulikana, waliingizwa karantini ndani ya tela la Airstream lililoondolewa magurudumu, na Rais Nixon akazungumza nao kupitia dirisha lake la nyuma juu ya manowari ya Hornet. Hivyo mtu wa kwanza kuukanyaga mwezi, aliporudi duniani, nyumba ya kwanza aliyolala ilitokana na matela ya Airstream, ambayo kiwanda chake kiko mwendo mfupi kutoka mahali alipozaliwa. Nilimweleza Mama Salma haya mbele ya chombo cha anga cha Gemini 8, ambacho kimehifadhiwa humo, naye hakujibu kitu, maana alikuwa amekwisha inama kuutazama ubavu wake ulivyoungwa.

Ratiba yetu ilikuwa turejee Columbus alasiri ile. Lakini mwendo ulikuwa mwema, ekseli ilikuwa baridi kila nilipoigusa, na Mama Salma, ambaye tangu tutoke pwani huulizia maji yasiyo na ng'ambo, akauliza iwapo ni kweli kwamba mtu akisimama ukingoni mwa Ziwa Erie haoni upande wa pili. Nikamwambia ni kweli. Basi tukajaza mafuta, tukakagua minyororo na taa, tukashika barabara namba 75 kuelekea kaskazini, njia ya Toledo.